KAHAWA NZURI NYUMBANI: TUIPIKE VIZURI, TUINYWE KWA KIASI



Katika vijiji vingi vya Kilimanjaro, Kagera, Mbinga na Mbozi mibuni imezunguka nyumba hadi mlangoni. Watoto wamesomeshwa kwa kahawa, nyumba zimeezekwa mabati kwa kahawa. Hata hivyo, ukibisha hodi asubuhi utakaribishwa chai. Kahawa yote imekwenda kuuzwa, na ikibaki kidogo hakuna anayejua aifanyie nini. Wengi wetu tumezoea kusema, "Kahawa ni chungu, kahawa ni ya wazee, kahawa inaleta presha."

Mwezi huu tumeona vema ukurasa wetu wa afya uzungumzie kinywaji hiki, kwa sababu mbili. Kwanza, kahawa iliyopikwa vizuri haina uchungu wa kukunja uso, na familia inaweza kuitengeneza kwa vyombo vilevile vilivyomo jikoni. Pili, kliniki tunaulizwa maswali mengi. Mama mjamzito anywe? Mtoto apewe? Mwenye vidonda vya tumbo afanyeje? Tuanze na jiko, kisha tuje kwenye afya.

Kahawa zetu ni mbili

Nchini Tanzania tunalima aina mbili kubwa za kahawa. Arabika asili yake ni Ethiopia, nayo hupenda baridi ya milimani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikuja na miche ya kahawa, na mwishoni mwa karne ya 19 ilipandwa katika misheni ya Kilema, Kilimanjaro. Kutoka huko wananchi waliichukua wakaifanya zao lao, hata mwaka 1933 wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU.

Robusta ndiyo kahawa ya Bukoba. Hiyo haikungoja mgeni yeyote kuileta. Tangu zamani Wahaya waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna na kuwakaribishia wageni.

Tunataja aina hizi kwa sababu zinatofautiana mwilini. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kafeini ndiyo dawa ya asili iliyomo katika kahawa, inayofukuza usingizi na kuongeza mapigo ya moyo. Hivyo vikombe viwili vya arabika si sawa na vikombe viwili vya robusta.

Kuchagua na kukaanga

Kahawa nzuri huanzia shambani. Chuma zilizoiva, nyekundu. Zikaushe juu ya kichanja, si chini penye udongo na kuku. Kahawa iliyoanikwa chini au iliyofungwa gunia kabla ya kukauka huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu inayoweza kudhuru figo. Kukaanga hupunguza sumu hiyo, lakini hakuimalizi. Kwa hiyo usiseme, "Hizi mbovu hazinunuliki, tutakunywa sisi." Zilizooza, zenye ukungu na zilizotobolewa na wadudu zitupwe. Wala tusihifadhi kahawa ya kunywa katika debe au mfuko uliokuwa na dawa ya kupulizia mibuni, hata kama umeoshwa mara kumi.

Kahawa ikishakauka, itwange polepole kwenye kinu ili ganda litoke, kisha ipepete kwa ungo. Utabaki na buni, punje za rangi ya kijani au kijivu.

Ili kukaanga, tumia chungu, kikaango au sufuria nzito. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wake ni mwingi. Tena jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Watoto wakae mbali na jiko.

Weka punje kiasi cha kufunika sakafu ya chombo tu, zisirundikane. Moto uwe wa wastani. Koroga bila kuacha. Punje zitabadilika kuwa za manjano na kutoa harufu kama ya nafaka inayokaangwa, kisha zitakuwa za kahawia. Baadaye utasikia mlio wa kupasuka, kama bisi. Huo ndio mlio wa kungojea. Ukishapungua, endelea dakika moja au mbili tu, hadi rangi ifanane na ya mti wa mninga uliopakwa mafuta. Wengi huendelea hadi punje ziwe nyeusi na kung'aa kwa mafuta, kisha wanalalamika kwamba kahawa ni chungu. Huo si uchungu wa kahawa, ni uchungu wa mkaa.

Ziondoe mara moja, zimwage kwenye ungo na kuzipepea zipoe, maana punje huendelea kuungua kwa joto lake zenyewe. Ziache zipumue hadi kesho yake, kisha ziweke katika kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, mbali na vitunguu, sabuni na mafuta ya taa, maana kahawa hunyonya harufu za jirani zake. Zitabaki na ladha nzuri kwa wiki mbili au tatu. Ikishasagwa, hupoteza harufu yake kwa siku chache tu. Hivyo, saga ya kutosha siku moja au mbili.

Kusaga

Mashine ndogo ya mkono ni nzuri, lakini kinu na mchi vinatosha. Kinu cha kahawa kisiwe kile cha vitunguu saumu. Unga ukiwa mkubwa, kama chembe za chumvi ya mawe iliyopondwa, unafaa kwa kahawa ya kuloweka. Ukiwa wa wastani, kama mchanga laini, unafaa kwa kuchuja. Ukiwa laini kama unga wa sembe, ni wa kuchemsha katika dele. Unga laini ukilowekwa muda mrefu, kahawa huwa chungu. Unga mkubwa ukipitishiwa maji haraka, kahawa huwa chapwa na yenye ukakasi.

Maji na kipimo

Maji yawe safi. Yachemke kweli kweli, yatokote kwa dakika moja. Wanaoishi juu sana mlimani, zaidi ya mita 2,000, wayaache yatokote dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Kisha epua, ngoja nusu dakika, ndipo umimine. Kahawa hutoa ladha yake nzuri kwenye maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi.

Kipimo ni vijiko vikubwa viwili vilivyosawazishwa kwa kikombe cha wastani. Kwa lita moja ya maji ni vijiko 11 au 12, yaani gramu 55 hadi 60. Anayeona ni kali anaweza kuanza na vijiko 8. Jambo la msingi ni kupima kila siku kwa kijiko kilekile, si kukisia kwa mkono. Na usijaribu kubana matumizi kwa kuchemsha masalia ya jana. Yaliyobaki humo ni uchungu tu. Masalia yapeleke kwenye migomba.

Njia tatu za kupika

Ya kwanza ni kuloweka. Weka unga mkubwa ndani ya birika au sufuria safi, mimina maji ya moto, koroga mara moja, funika. Subiri dakika nne. Koroga tena kidogo ili unga uzame, ngoja dakika moja, kisha mimina taratibu kupitia chujio. Usirudishe motoni. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, nasi tunaipendekeza kwa anayeanza.

Ya pili ni kuchuja. Chukua kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa vizuri, kifunge kwenye waya wa mviringo kiwe kama mfuko, au tumia karatasi ya kuchujia kama inapatikana. Weka unga wa wastani, lowesha kwanza kwa maji kidogo, ngoja nusu dakika uumuke, kisha mimina maji yaliyobaki polepole. Kazi yote iishe kwa dakika tatu au nne. Kitambaa kisuuzwe mara moja kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, kichemshwe mara kwa mara, na kianikwe juani. Kitambaa kinachoachwa na unyevunyevu huvunda, nacho huharibu kahawa ya wiki nzima.

Ya tatu ni ya ndugu zetu wa Pwani: kahawa laini huchemshwa katika dele juu ya mkaa, mara nyingine kwa tangawizi au iliki, na kunyweka katika vikombe vidogo pamoja na kashata. Ni kali, na ndiyo maana vikombe ni vidogo. Wazee wa barazani walijua walilokuwa wakifanya. Kuchukua kahawa ya namna hiyo na kuijaza kwenye kikombe cha chai ni kuvunja kipimo chao.

Kuna tofauti ya kiafya hapa. Kahawa ina mafuta yanayopandisha lehemu katika damu. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa hubaki nayo, karatasi huyazuia karibu yote, na kitambaa kizuri huyapunguza. Anayekunywa kikombe kidogo mara mojamoja hana haja ya kuogopa. Bali mwenye ugonjwa wa moyo au aliyeambiwa ana lehemu nyingi, na anakunywa kila siku, achague ya kuchuja.

Isinywewe ikiwa ya moto mno

Hili tunaomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Mwaka 1991 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 walipitia upya uchunguzi uliofanyika na kuiondoa. Lakini mwaka huohuo walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tatizo hapo ni joto lenyewe, liwe la kahawa, chai, uji au maji.

Jambo hili linatuhusu sana. Saratani ya umio inaonekana kwa wingi katika ukanda wa Afrika Mashariki, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wengi waliopimwa mkoani Kilimanjaro walianza kunywa chai yao ikiwa juu ya nyuzi 65. Si joto peke yake linalosababisha ugonjwa huu. Tumbaku na pombe vimo pia. Lakini joto tunaweza kulipunguza leo bila gharama yoyote. Mimina kahawa kikombeni, zungumza na wenzako, subiri kama dakika kumi, au ongeza maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Ukilazimika kuipuliza na kuivuta kwa sauti ili isikuunguze, bado haijafaa kunywewa.

Na mtu anayeanza kukwama chakula kooni, kwanza ugali, kisha hata uji, asingoje wala asizunguke kutafuta dawa za kienyeji. Aje hospitali mapema.

Kiasi gani kinatosha?

Kikombe cha arabika kilichopikwa kwa kipimo tulichotaja kina kafeini ya miligramu 100 hivi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, yaani vikombe vitatu au vinne vya arabika, au viwili vya robusta. Chai na soda aina ya kola zina kafeini pia, hivyo zihesabiwe.

Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa tano hivi. Anayekunywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado ana nusu yake. Kisha anasema ana ugonjwa wa kukosa usingizi. Kikombe cha mwisho kiwe cha mchana.

Sukari nayo isisahaulike. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi vijiko vidogo 12 kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 6. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja tayari ni vijiko 9. Kahawa isiyounguzwa huhitaji sukari kidogo sana. Punguza nusu kijiko kila wiki, na ulimi utazoea.

Wanaohitaji uangalifu

Mama wajawazito. Wakati wa mimba mwili huchelewa sana kuondoa kafeini, na kafeini humfikia mtoto aliye tumboni. Ikizidi, inahusishwa na kuzaliwa kwa mtoto mwenye uzito mdogo. Asizidishe miligramu 200 kwa siku. Kikombe kimoja cha arabika kinatosha, tena aihesabu na chai anayokunywa. Robusta kali aiache hadi ajifungue.

Wenye upungufu wa damu. Kahawa na chai huzuia madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani na maharage yasiingie mwilini, na chai huzuia zaidi. Kwa hiyo visinywewe pamoja na chakula. Kunywa saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji. Tumekutana na akina mama waliomeza vidonge kwa uaminifu miezi mitatu na damu haikupanda, kumbe kila siku walivisindikiza kwa chai ya rangi. Chungwa au embe pamoja na chakula husaidia chuma kuingia.

Mama wanaonyonyesha. Kafeini kidogo hupita katika maziwa. Mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuiondoa. Mtoto akiwa hatulii wala halali, mama apunguze kahawa na chai aone.

Watoto. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo uji na maziwa, si chai wala kahawa. Kikombe kinachojaza tumbo dogo bila kulilisha kinamnyima mtoto chakula. Tena birika la moto lisiwekwe ukingoni mwa meza wala chini mkekani. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mlete hospitali. Usipake asali, mafuta wala dawa ya meno.

Wenye presha. Kahawa hupandisha presha kwa muda, hasa kwa asiyeizoea. Usinywe katika nusu saa kabla ya kupimwa. Mwenye presha iliyopanda sana au moyo unaokwenda mbio azungumze kwanza na daktari wake.

Wenye vidonda vya tumbo na kiungulia. Vidonda vingi husababishwa na bakteria au na dawa za maumivu kama aspirini, si kahawa. Lakini kahawa huongeza asidi na huweza kuchochea maumivu, hasa tumbo likiwa tupu. Ikikuumiza, iache, na uje upimwe.

Maswali tunayoulizwa

Je, kahawa huondoa ulevi? La. Humwamsha mlevi, akabaki mlevi aliye macho. Asiendeshe pikipiki.

Je, kahawa huongeza nguvu ya mwili? Huondoa hisia ya uchovu kwa muda. Haichukui nafasi ya chakula wala usingizi. Mkulima anayekwenda shamba kwa kahawa tupu atarudi amechoka kuliko jirani yake aliyekula kiporo.

Kwa nini nikifunga kahawa wakati wa Kwaresima kichwa kinaniuma? Mwili uliozoea kafeini hulalamika ndani ya siku moja hivi baada ya kunyimwa: kichwa huuma, mtu huwa mkali na mwenye usingizi. Si ugonjwa, na hupita baada ya siku chache. Anayetaka kuiacha apunguze kikombe kimoja kimoja kuanzia wiki mbili kabla, ili mfungo usiwe adhabu kwa wote wanaokaa naye.

Tukumbuke

Chagua buni isiyo na ukungu. Kaanga hadi mlio wa bisi, usiunguze. Pima kwa kijiko. Dakika nne zinatosha. Chuja. Sukari kidogo. Acha ipoe kabla ya kunywa. Isikaribiane na chakula wala vidonge vya damu. Watoto wapewe maziwa au uji.

Msimu huu, kabla gunia la mwisho halijapelekwa kwenye mizani, tunaomba kila familia itenge kilo moja au mbili za kahawa iliyo nzuri, wala si makapi. Mkulima aliyewahi kuionja kahawa yake ikiwa imepikwa vizuri atajua kwa nini anaambiwa achume nyekundu na aanike kichanjani, na atajua pia anachokiuza.